Mzee Kofia na Picha ya Magurudumu

Kwa miaka mingi, hakuna busu la Hollywood lililopita katika ukumbi ule bila kwanza kukutana na kofia ya fundi saa. Wapendanao walitoka mbali, wakavuka jangwa, wakapigana na majambazi, wakamtoroka baba mkali, na mwisho kabisa, walipokaribia kula matunda ya jasho lao, kofia ikapanda mbele ya taa na ukuta mzima ukawa giza. Watu wakaguna. Kofia ikashuka, na wale wawili wakaonekana wakitengeneza nywele.

Ndiyo maana fundi yule aliitwa Mzee Kofia hata kabla hajaota mvi. Jina lake la kuzaliwa lipo, limeandikwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko linakokaa. Kofia yenyewe aliirithi kwa mjomba wake: ya kahawia, nzito, ukingo mpana kama sinia. Mjomba alikuwa na kichwa kikubwa kuliko shughuli zake, kwa hiyo mpwa alilazimika kukunja gazeti na kulipachika ndani, la sivyo kofia ilimshukia mpaka puani.

Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la viatu na kinyozi. Ndani mlikuwa na meza moja, taa yenye shingo ya kupinda, kioo cha kukuzia alichokibana jichoni, na ukuta uliojaa saa ambazo wenyewe hawakuzirudia, kila moja ikitangaza wakati wake kwa kiburi. Mteja akimuuliza saa ngapi, alitoka nje kutazama jua.

Alikuwa fundi wa sikio. Mafundi wengine hufungua saa kwanza. Yeye aliiweka sikioni, akafumba macho, akasikiliza, kisha akatoa hukumu: "Hii imemeza mchanga," au, "Hii imeangushwa na mtoto, na mtoto hajasema." Mara nyingi alipatia. Asipopatia, aliifungua kimyakimya kama wenzake na hakuna aliyejua.

Jumamosi alasiri alifunga mapema akaenda kwenye Chama cha Wapenda Sinema. Chama hicho kilikuwa mkusanyiko wa watu wasiokubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa picha za zamani za Hollywood, na hata hizo walizipenda kwa sababu zinazogombana. Walitundika mablanketi madirishani, wakapanga viti vya mbao, wakawasha mashine, na kuta za ukumbi zikajaa farasi, mabwana wenye videvu vya kuchongwa na mabibi wenye nyusi nyembamba zilizopanda juu kama zimeona hesabu ngumu.

Ukumbi ulikuwa mali ya mama mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, aliyejulikana kwa kila mtu kama Mama Mwenye Ukumbi. Aliwapa nafasi hiyo kwa hisani na kwa sharti moja. "Midomo isikutane kwenye ukuta wangu," alisema. Bunduki hazikumsumbua. Watu wangeweza kuchinjana ukutani mpaka jioni, yeye akiwa nyuma pale karibu na mlango anafuma sweta. Midomo ndiyo hapana.

Kukata mkanda hakukuwezekana, maana ulikuwa wa kuazima. Basi kamati ikatafuta mtu wa kufunika, na ikamchagua fundi saa kwa sababu mbili: mkono wake haukutetemeka, na kofia yake ilikuwa kubwa kuliko aibu ya mtu yeyote pale.

Msimu wa kwanza alivurunda. Alikuwa akitazama picha kama wenzake, akinogewa, na alipokumbuka kofia busu lilikwisha kupita, limefika kwao, limevua viatu. Mama Mwenye Ukumbi aliinuka na sindano zake za kufumia akatishia kufunga mlango. Fundi akaenda kibandani akalifikiria tatizo kama tatizo la saa. Akagundua kwamba watu wa Hollywood hawabusiani hivi hivi tu. Hawana ujasiri huo. Lazima kwanza violini ziwalilie.

Kuanzia hapo hakutazama tena. Alisimama kando ya mashine, akafumba macho kama saa iko sikioni, akangoja. Violini zikianza kupanda, kofia inapanda. Zikinyamaza, kofia inashuka. Hakuchelewa tena hata mara moja, na Mama Mwenye Ukumbi akarudi kwenye sweta lake. Ikiwa violini zililia kwa sababu nyingine, hilo halikuwa jukumu la fundi. Wanachama walibaki wakishangaa tu jinsi watu wa kule wanavyobusiana hovyo, mpaka makaburini.

Katika picha zote, moja ilipendwa kuzidi nyingine. Waliiita Picha ya Magurudumu, kwa kuwa jina lake la Kiingereza lilikuwa refu na halikuwasaidia. Kulikuwa na msichana wa shamba anayetakwa na wanaume wawili. Mmoja alikuwa tajiri wa ng'ombe, ana masharubu na mkufu wa saa tumboni. Mwingine alikuwa fundi wa magurudumu ya mikokoteni, hana kitu isipokuwa nyundo na macho ya huruma. Picha nzima walimgombania. Mwishoni msichana anatoka barazani, tajiri amesimama kushoto, fundi amesimama kulia, na yeye anasema kwamba ameshaamua. Anashuka ngazi. Violini zinapanda.

Kofia.

Gizani watu walisikia kwato za farasi zikienda mbali. Kofia ikishuka, ukutani limebaki neno moja tu, la kusema kwamba picha imekwisha.

Hapo ndipo Chama kilipogawanyika. Upande wa Fundi walisema zile kwato ni za tajiri, anaondoka na hasira zake. Upande wa Tajiri walisema ni fundi, anaondoka na umaskini wake. "Fundi hana farasi!" "Ameazima!" "Nani atamwazima farasi mtu anayekwenda kulia?" Walibishana ngazini, wakabishana njiani, wakabishana kwenye misiba. Mkanda ulirudiwa msimu baada ya msimu mpaka ukachakaa, ukakatika vipande, ukatupwa na wenyewe, na ubishi ukanoga zaidi kwa kuwa sasa haukuwa na ushahidi. Mwenyewe Mama Mwenye Ukumbi, aliyeharamisha midomo, alikuwa Upande wa Tajiri tena wa mstari wa mbele.

Wote walijua kuna mtu mmoja tu anayejua, kwa maana huwezi kufunika usichokiona. Walimnunulia fundi chai, wakamsogezea kiti, wakamdokeza. Yeye alitabasamu na kusema, "Siri ya mtungi aijuaye kata," akanywa chai yote. Kata haikujua lolote. Kata ilikuwa imefumba macho.

Kwa mtu mmoja tu alijibu, na jibu hilo ndilo lililompatia mke.

Wakati huo mkewe alikuwa msichana aliyetoka kumaliza mafunzo ya ukunga, ana ulimi mkali na mwendo wa haraka, na alikuwa na wanaume wawili mlangoni. Mmoja alikuwa kijana mwenye lori jipya, viatu vinavyong'aa na sauti ya kuamrisha. Mwingine alikuwa fundi wetu, mwenye kofia ya mjomba. Picha ya Magurudumu ilipokwisha siku hiyo, yule msichana alimsimamisha ngazini mbele ya watu.

"Wewe Kofia. Alimchukua nani?"

Fundi hakumeza mate wala hakukohoa. "Fundi," alisema.

Msichana akamtazama kutoka kofiani mpaka viatuni. Akacheka. Wiki haikuisha, kijana wa lori alipewa mkono wa kwaheri, na baada ya muda mfupi fundi akaoa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake ilikuwa na urefu wa ndoa nzima. Walizaa pacha, kwa hiyo akawa Baba Pacha na yule akawa Mama Pacha. Mama Pacha hakumsahau msichana wa kwenye picha hata siku moja. Alimwita dada yangu. Paa likivuja, alisimama na ndoo mkononi akasema, "Dada yangu ndiye aliyenifundisha haya." Saa za simu zilipoingia mjini na kibanda kikabaki kubadilisha betri na kuuza mikanda, alisema, "Mwenzangu naye sijui kama magurudumu yalimlipa." Na usiku mmoja, pacha wakiwa wagonjwa na fundi amewabeba wote wawili begani akizunguka chumbani mpaka wakalala, alimwangalia muda mrefu kisha akasema, "Hakukosea, dada yangu." Fundi aliyasikia hayo, na yale ya ndoo hayakumuuma kama hilo la mwisho.

Kijana wa lori alikuja kuwa Bwana Malori, mwenye magari mengi na tumbo la kufanana nayo. Hakuhama Chama. Alikaa mstari wa kwanza, akawa mwenyekiti wa Upande wa Tajiri bila kuchaguliwa, na kila alipokutana na Mama Pacha alimwinamia. "Shemeji, siku ile ulihukumu kwa ushahidi wa mtu mmoja."

"Na wewe ulishindwa na mtu mmoja," alijibiwa.

Mambo yakaenda hivyo mpaka Chama kilipopata katibu mpya, mwalimu wa fizikia, binti mchangamfu aliyependa vitu vionekane. Alileta mashine mpya ndogo isiyochemka, na mapema mwaka huu akatangaza Msimu wa Picha za Zamani za Hollywood: picha tatu, Jumamosi tatu. Akasoma ya kwanza, watu wakapiga makofi. Akasoma ya pili, wakapiga makofi. "Na ya tatu," alisema, "nimeitafuta mpaka macho yameniuma, nimeipata nzima, safi. Picha ya Magurudumu."

Watu walisimama juu ya viti. Bwana Malori alipiga mbinja. Mama Pacha alishika kifua kama mtu aliyeambiwa ndugu yake amerudi kutoka ughaibuni.

"Kofia iko tayari," Mzee Kofia alisema haraka.

"Ah, baba, hilo nalo limekwisha," alisema Mwalimu. "Tumeongea na mwenye ukumbi. Tunaonyesha zote wazi."

Mwenye ukumbi sasa alikuwa binti wa yule mama, daktari wa meno. Mzee Kofia alijaribu kumwambia habari za maadili, jamii inakwenda wapi, vijana wanajifunza nini. Daktari wa Meno alimsikiliza kwa adabu yote. "Mzee wangu," alisema, "mimi midomo naifungua kutwa nzima. Hakuna kilichomo cha kuogopa ila harufu."

Akaona aende kwenye mzizi. Mama Mwenye Ukumbi alikuwa kwenye kiti chake dirishani, masikio yamepungua nguvu, sindano za kufumia bado ziko mkononi. Mzee Kofia akapiga magoti kabisa. "Mama, wanataka kuharibu ukuta wako."

"Nimesikia."

"Midomo itakutana, mama. Hadharani."

Bibi akaweka sindano chini. "Mwanangu, miaka yote hiyo nimeulinda ule ukuta. Nimechoka. Nataka kujua kabla sijaenda zangu. Ni tajiri, sivyo?"

"Mama, mimi..."

"Usiniambie! Jumamosi ya tatu nitaona mwenyewe. Mtaniwekea kiti cha mbele."

Mzee Kofia alirudi nyumbani akiwa mdogo kuliko alivyotoka. Kilichomtisha hakikuwa kicheko cha Bwana Malori. Angekivumilia. Kilichomtisha ni mkewe. Kama msichana wa pichani alimchukua tajiri, basi Mama Pacha alibeba ndoo zile zote kwa ushauri wa uongo, na "hakukosea, dada yangu" lilikuwa neno la kumsifu mtu kwa jambo ambalo hakulifanya. Alijua mkewe anaweza kusamehe paa linalovuja. Kuchezewa akili, hilo hakuwa na uhakika nalo.

Akajaribu mlango wa nyuma. "Mama Pacha," alisema wakiosha vyombo, yeye akifuta na mwenzake akisuuza, "dada yako hajakuona siku nyingi. Kwa nini usiende kumtembelea Jumamosi ile ya tatu?"

"Jumamosi ile mimi naenda kumwona dada yangu," alisema Mama Pacha. "Yule mwingine atangoja. Nimeshamwambia fundi cherehani anishonee gauni."

"Gauni? Kwa picha?"

"Huwezi kwenda kumwona mtu baada ya miaka yote hii umevaa kanga ya jikoni."

Mzee Kofia akafuta sahani ile ile mpaka ikalia. Hapo palikuwa mahali pa kusema ukweli. Kila kitu kilikuwa kimetulia, mkewe alikuwa na furaha, mikono yake imo ndani ya maji. Akafungua kinywa. "Sabuni imekwisha," alisema, na ilikuwa kweli.

Jumamosi ya kwanza alikaa nje ngazini, akidai ndani kuna joto. Alisikia wenzake wakishangilia mabusu waliyonyimwa tangu ujana. Jumamosi ya pili alikaa pale pale. Katikati ya picha violini zilipanda, mkono wake ukainuka wenyewe na kofia ikafunika hewa. Ndani hakukuwa na shangwe. Baadaye Bwana Malori akatoka, akijipepea.

"Kofia, hebu nikuulize. Pale violini zilipolia, sisi miaka yote tulijua wanabusiana."

"Enhe."

"Bibi mmoja amekata roho kitandani. Peke yake. Wewe ulikuwa unafunika nini?"

"Tahadhari," alisema Mzee Kofia.

Bwana Malori alimtazama kama mtu aliyeona risiti ya bandia. Akarudi ndani.

Jumamosi ya tatu ngazini hapakuwezekana. Mama Pacha alimshika mkono tangu nyumbani, gauni jipya la bluu limempendeza, akampeleka mpaka mstari wa tatu na kugonga kiti cha pembeni yake. "Kaa hapa."

"Nyuma kule nimezoea..."

"Kule ulikuwa na kazi. Leo huna kazi. Kaa."

Akakaa, kofia mapajani. Ndipo alipotambua jambo la ajabu kidogo: hajawahi kukaa na mkewe kwenye sinema. Ndoa nzima mke alikuwa mstari wa tatu peke yake, mume yuko nyuma na macho yake yamefumbwa. Mablanketi yakashushwa, mashine ikawashwa bila kelele, na mwanga wa ukutani ukamwangukia Mama Pacha usoni. Mzee Kofia hakutazama picha. Alimtazama yeye. Alikuwa akicheka kabla mchekeshaji hajamaliza. Alitamka maneno ya Kiingereza pamoja na wachezaji, nusu yake hayapo katika lugha hiyo. Karakana ya fundi wa magurudumu ilipoungua moto, machozi yalimtiririka na hakuyafuta, alifungua tu mkoba, akatoa pipi, akamkabidhi mumewe moja bila kugeuka. Haya yote yalikuwa yakitokea kila msimu na yeye hakuyajua. Akakionea wivu kile kiti cha mbao alichokalia wakati huo wote.

Picha ikafika barazani. Tajiri kushoto, masharubu yamepakwa mafuta. Fundi kulia, mikono michafu. Mbele kabisa Mama Mwenye Ukumbi aliinama mpaka nusura aanguke. Msichana akasema ameshaamua. Akashuka ngazi ya kwanza.

"Haya sasa, dada yangu," alinong'ona Mama Pacha.

Violini zikapanda.

Tusimlaumu mtu kwa kazi aliyoifanya muda wote huo. Mkono ulisikia violini, mkono ukainuka. Mashine ilikuwa mbali nyuma, na mkono haukuwa na habari hizo. Ulipata kitu cha kwanza kilichokuwa mbele yake chenye mwanga, ukakifunika. Kitu hicho kilikuwa uso wa Mama Pacha.

Na kwa kuwa macho yake hayakuwahi kufumbwa jioni ile, yakiwa yanamtazama mkewe na sasa mkewe amefunikwa, hayakuwa na pa kwenda ila ukutani. Mzee Kofia akaona. Msichana alipita katikati ya wanaume wale wawili kama anavyopita mtu katikati ya miti miwili. Akaenda mpaka kwenye uzio, alikofungwa farasi wake mweupe mwenye doa la paji. Akamshika masikio. Akambusu puani, busu refu, la dhati, violini zikilia kama zimefiwa. Akapanda, akaondoka. Tajiri na fundi walibaki wanatazama vumbi.

Ukumbi mzima uliyumba kama mtu aliyekosea ngazi gizani. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Farasi?" na paa likataka kung'oka. Upande wa Fundi waliwaangukia Upande wa Tajiri wakicheka hadi kulia. Mwalimu alijikunja juu ya mashine. Mama Mwenye Ukumbi alipiga fimbo sakafuni. "Kwa hiyo miaka yote nimemzuia FARASI?"

Mama Pacha aliisukuma kofia kutoka usoni. Ukutani kulikuwa na lile neno moja tu.

Mwalimu alijifuta macho. "Mama, umefunikwa? Ngoja nirudishe nyuma."

"Usirudishe," alisema Mama Pacha. Akasimama. Ukumbi ukanyamaza kidogo kidogo, maana sauti hiyo ilikuwa imewaamrisha wanawake wengi mle ndani kusukuma, na walisukuma. Akamgeukia mumewe. "Wewe Kofia. Alimchukua nani?"

Hii ndiyo ngazi ile ile, Mzee Kofia aliwaza, ila mimi nimezeeka na watu ni wengi zaidi. Angeweza kusema fundi. Nusu ya ukumbi ingemkubalia kwa huruma. "Farasi," alisema.

"Farasi."

"Farasi. Mweupe. Amembusu puani."

"Na siku ile ulisema fundi."

"Nilisema."

"Uliona?"

"Sikuona. Sijawahi kuona hata moja, Mama Pacha. Nilikuwa nafumba macho nasikiliza violini." "Nilikutaka, basi. Ungeuliza habari za mvua ningesema fundi."

Bwana Malori alikuwa tayari amesimama, kifua mbele. "Mmesikia wenyewe! Ushahidi wa uongo! Nadai shauri lisikilizwe upya!"

"Kaa chini," alisema Mama Pacha bila kumtazama, na Bwana Malori akakaa.

Aliendelea kumtazama mumewe. Uso wake ulikuwa haujaamua. Mzee Kofia aliona hasira ikipita hapo, hasira ya kweli, na hakuinua mkono kuifunika.

"Siku ile ungesema tajiri," alisema mwishowe, polepole, "ningekuona mpumbavu, na mpumbavu sikuwa na haja naye. Hilo niliamua kabla sijafungua mdomo. Lakini kunidanganya umenidanganya, na hilo tutaliongea nyumbani, na litachukua muda." Kisha mdomo wake ukaanza kumsaliti pembeni. "Kinachoniuma ni dada yangu. Miaka yote namsifu. Mimi nimebeba ndoo, kumbe mwenzangu alikuwa na akili. Alichukua farasi!"

Akacheka. Alicheka kile kicheko cha kwanza kabisa cha ngazini, akitazama kutoka kofiani mpaka viatuni. Akainyakua kofia mkononi mwa mumewe, gazeti la ndani likaanguka, akaiinua ikawafunika nyuso wote wawili mbele ya ukumbi mzima.

"Midomo!" alipiga kelele Mama Mwenye Ukumbi, ingawa hakuna aliyejua anakataza au anashangilia.

Ilikaa juu muda mrefu. Na sasa Chama kimegawanyika upya. Upande mmoja unashikilia kwamba alimbusu. Bwana Malori na wenzake wanasema alimng'ata sikio, na wanao ushahidi kwamba Jumatatu alikwenda kibandani sikio limevimba. Wanamnunulia Mzee Kofia chai, wanamsogezea kiti. Yeye anainywa yote, kisha anasema kwamba safari hii hakufumba macho.